Hamu Wakati wa Vita: Mwanamke, Vita na Ukimbizi katika Filamu za Kiarabu

Utangulizi

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Methali hii hutajwa aghalabu kila panapozungumziwa vita na nafasi ya mwanamke ndani yake. Ukweli wake haukanushiki, ila una upungufu. Inatuambia kwamba nyasi huumia. Haituambii nyasi hizo zilitamani nini kabla ya fahali kufika, wala zinatamani nini wakati kwato zingali juu yake. Taarifa za habari kutoka Beirut, Gaza au Aleppo huufuata mkondo uo huo wa methali. Mwanamke wa Kiarabu hutujia akilia juu ya maiti au akibeba mtoto na furushi kuelekea mpakani. Kwamba huenda mwanamke huyo alikuwa na miadi jioni ile, au alikuwa akijifunza kupiga udi, au alikuwa anapania kumwacha mumewe, ni mambo ambayo kamera ya habari haina nafasi nayo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi baadhi ya waelekezi wa filamu kutoka ulimwengu wa Kiarabu, hususan wanawake, walivyoliziba pengo hilo. Tutajikita katika filamu nne: La Nouba des femmes du Mont Chenoua ya Assia Djebar (Aljeria, 1977), Samt al-Qusur ya Moufida Tlatli (Tunisia, 1994), Sukkar Banat ya Nadine Labaki (Lebanoni, 2007) na Milh Hadha al-Bahr ya Annemarie Jacir (Palestina, 2008). Swali linaloziunganisha ni hili: je, ni halali kuzungumzia matamanio ya mwanamke wakati nchi inaungua? Wapo wanaojibu kwamba huo ni ubinafsi, kwamba kwanza taifa likombolewe na mengine yafuate. Filamu hizi zinalichunguza jibu hilo na kuonyesha gharama yake.

Neno hamu na maana zake mbili

Mwanafunzi wa Kiswahili hazikabili filamu hizi akiwa mgeni kabisa. Anwani zenyewe zinamwita kwa sauti anayoifahamu. Katika Samt al-Qusur, yaani kimya cha makasri, tunalisikia neno letu kasri. Katika Sukkar Banat, sukari ya wasichana, sukari haihitaji mkalimani, na banat ni wingi wa bint, yule yule binti wetu. Katika Milh Hadha al-Bahr, chumvi ya bahari hii, bahari inajitambulisha yenyewe. Hata filamu ya Jocelyne Saab wa Lebanoni ya mwaka 2005, Dunia, ambayo mhusika wake mkuu anaitwa kwa jina hilo hilo, inatupatia neno tulitumialo kila siku.

Hata hivyo, neno litakalotufaa zaidi ni hamu. Asili yake ni neno la Kiarabu hamm, ambalo maana yake ni wasiwasi, dhiki au huzuni inayoukalia moyo. Katika Kiswahili cha leo neno hili limeelemea upande wa kutamani: tuna hamu ya chakula, hamu ya kusoma, hamu ya kumwona tumpendaye. Kwa hivyo safari ya neno hili kutoka Kiarabu hadi Kiswahili imepita kwenye njia inayounganisha majonzi na shauku. Mtu huhuzunika kwa sababu kuna akitamanicho na hakipati. Na akitamanicho hukijua vizuri zaidi pale anapokikosa. Katika filamu tunazozishughulikia, maana hizi mbili hazitengani. Ndiyo maana mhakiki anayezigawa filamu za Kiarabu katika makundi mawili, za vita upande mmoja na za mapenzi upande wa pili, hukumbana na matatizo anapozifikia kazi hizi.

Usuli: Misri na sauti ya kwanza

Filamu ya Kiarabu ilichipuka kwa nguvu nchini Misri, na wanawake walikuwapo tangu mwanzo. Aziza Amir aliitoa na kuigiza katika filamu ya Layla mwaka 1927. Kufikia katikati ya karne ya 20, Cairo ilikuwa imekwisha kuwa kitovu cha filamu zilizotazamwa kuanzia Morocco hadi Ghuba. Zilifika hata Zanzibar, ambako zilionyeshwa katika majumba ya sinema pamoja na filamu za Kihindi, na nyimbo za Umm Kulthum zikawa sehemu ya masikio ya wapenzi wa taarab.

Mojawapo ya filamu bora za enzi hiyo ni Doaa al-Karawan ya mwaka 1959, iliyoelekezwa na Henry Barakat kutokana na riwaya ya Taha Hussein iliyochapishwa mwaka 1934. Mama na binti zake wawili wanafukuzwa kijijini kwa aibu iliyoachwa na baba. Binti mmoja, Hanadi, anapata kazi katika nyumba ya mhandisi, anarubuniwa, kisha anauawa na mjomba wake kwa jina la heshima ya ukoo. Dada yake, Amna, aliyeigizwa na Faten Hamama, anaingia katika nyumba ile ile akinuia kulipiza kisasi. Kinachomtokea ni kwamba anampenda yule aliyekuja kumwangamiza. Tayari hapa tunayaona mambo matatu yanayotushughulisha: kufukuzwa kwenu, mwili wa mwanamke kama uwanja wa vita vya wanaume, na hamu inayozuka mahali isipotakiwa. Lakini riwaya iliandikwa na mwanamume na filamu ikaelekezwa na mwanamume. Miaka mingi ilipita kabla ya wanawake wenyewe kuishika kamera kwa wingi wa kuonekana.

Assia Djebar: kamera badala ya kalamu

Assia Djebar anafahamika kwetu zaidi kama mwandishi wa riwaya kwa lugha ya Kifaransa, aliyechaguliwa mwaka 2005 kuwa mwanachama wa Académie française na aliyefariki mwaka 2015. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba baada ya riwaya yake ya mwaka 1967 alikaa zaidi ya mwongo mmoja pasi na kuchapisha riwaya nyingine. Katika kipindi hicho aligeukia filamu. Sababu moja ni ya kiisimu. Alikuwa akiandika kwa lugha ya mkoloni, lugha ambayo wanawake wengi wa ukoo wa mama yake hawakuweza kuisoma. Filamu ilimwezesha kuwasikiliza kwa lugha zao na kuzihifadhi sauti zao jinsi zilivyotamkwa.

Katika La Nouba, mhusika Lila, msanifu wa majengo, anarudi katika eneo la Cherchell, penye mlima Chenoua, takriban miaka 15 baada ya vita vya uhuru vya 1954 hadi 1962. Anawatembelea wanawake wazee na kuwauliza walichokiona. Wanazungumza kuhusu chakula walichowapelekea wapiganaji, nyumba zilizochomwa, na ndugu wasiorudi. Anwani imetokana na nuba, utungo wa muziki wa asili ya Andalusia wenye sehemu zinazofuatana kwa mpangilio maalumu, na filamu yenyewe imejengwa kwa mfuatano huo badala ya msuko wa kawaida wa visa.

Kuna uamuzi mmoja wa kisanaa ambao mwanafunzi wa fasihi hana budi kuuzingatia. Mume wa Lila yumo katika kiti cha magurudumu baada ya ajali. Anamtazama mkewe lakini hawezi kumfuata. Kwa njia hiyo Djebar anausimamisha mtazamo wa kiume kwa muda, ili mwanamke aweze kutoka nje, kuendesha gari, kuzunguka milimani na yeye mwenyewe kuwa mwenye kutazama. Hamu ya Lila, kwa hakika, ni hamu ya kusogea na kuona. Katika jamii ambayo vita vilimruhusu mwanamke atoke nyumbani kubeba silaha na ujumbe, kisha amani ikamrudisha ndani, hamu hiyo si ndogo. Filamu hii ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Venice mwaka 1979.

Moufida Tlatli: uhuru uliosubiriwa jikoni

Moufida Tlatli alikuwa mhariri wa filamu kwa miaka mingi kabla ya kuelekeza ya kwake. Ndiye aliyehariri Asfur Stah ya Férid Boughedir (1990), filamu mashuhuri kuhusu mvulana anayeyachungulia maisha ya wanawake katika hamamu ya Tunis. Alipokuja na Samt al-Qusur mwaka 1994, aliugeuza mwelekeo wa kuchungulia: sasa ni msichana anayeyatazama yale ambayo wanaume huwatendea wanawake.

Alia, mwimbaji wa harusini katika miaka ya 1960, anarudi katika kasri la mabey alikozaliwa, kuhudhuria matanga ya mwanamfalme Sidi Ali. Kwa mbinu rejeshi tunapelekwa katika miaka ya 1950, miaka ya mwisho ya utawala wa Ufaransa uliokoma Machi 1956. Mama yake, Khedija, alikuwa mtumishi wa jikoni aliyepaswa pia kuwastarehesha mabwana usiku. Alia hakuwahi kuambiwa baba yake ni nani, ingawa hadhira inaelewa. Wanawake wa jikoni wanaimba, wanapika, wanafua, wanacheka, na hawasemi. Redio inawaletea habari za mapambano ya kudai uhuru, nao wanazisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

Kilele cha filamu hii ni sherehe ya harusi kasrini. Alia anaitwa kuimba mbele ya wageni. Anaanza kwa wimbo wa kawaida, kisha anaingia katika wimbo wa kizalendo uliopigwa marufuku, na wageni wanaanza kuondoka. Wakati uo huo, katika chumba cha watumishi, Khedija anafariki akijaribu kuitoa mimba asiyoitaka. Tlatli anazifuma pande hizi mbili kwa ustadi wa mhariri: sauti ya binti ikipanda juu na ukelele wa mama ukizimika chini. Mtazamaji anabaki na swali gumu. Uhuru unaoimbwa ni wa nani, ikiwa mwanamke aliye jikoni haufikii?

Jibu linakuja kwa kinaya. Lotfi, kijana mpigania uhuru aliyemfundisha Alia kusoma na kumwahidi kwamba atakuwa huru kama nchi yake, sasa anaishi naye bila kumwoa, na anamtaka atoe mimba. Nchi imepata bendera yake. Alia amerudi pale pale alipokuwa mama yake. Mwishoni anaamua kumzaa mtoto, na akiwa wa kike ampe jina la Khedija. Hapo ndipo hamu ya Alia inapojitenga na historia ya taifa na kuwa yake mwenyewe. Tlatli, aliyefariki mwaka 2021, alipata kusema kwamba kimya cha mama yake mzazi ndicho kilichomsukuma kuiandika hadithi hii.

Nadine Labaki: vita visivyoonekana

Kutoka Tunis twende Beirut. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanoni vilidumu tangu 1975 hadi 1990, na kwa muda mrefu filamu za nchi hiyo zilihusu vita hivyo karibu pekee. Jocelyne Saab, tuliyekwisha kumtaja, alivirekodi katika filamu za hali halisi tangu miaka ya mwanzo. Labaki, aliyezaliwa mwaka 1974, alikulia ndani yavyo. Ajabu ni kwamba katika filamu yake ya kwanza ndefu, Sukkar Banat, vita havitajwi hata mara moja.

Mandhari ni saluni ya wanawake. Sukari, maji na ndimu huchemshwa hadi vikawa utomvu mzito wa kunyolea nywele za mwilini. Utomvu huo ni mtamu ulimini na mchungu ngozini, na jazanda hiyo inaifunika hadithi nzima. Layale anampenda mume wa mtu na hawezi kukodi chumba cha hoteli yenye heshima kwa kuwa hana cheti cha ndoa. Nisrine, Mwislamu anayekaribia kuolewa, anakwenda kufanyiwa upasuaji ili mumewe asijue kwamba si bikira. Rima anavutiwa na wanawake, jambo ambalo filamu inalisema kwa kuosha nywele za mteja tu. Jamale, mwigizaji aliyepitwa na umri, anajisingizia hedhi. Rose, mshonaji mzee anayemtunza dada yake mwenye akili iliyochanganyikiwa, anapata mchumba. Anajipamba kwenda kumlaki, kisha anafuta vipodozi huku akilia na kubaki nyumbani.

Wapo wahakiki walioona kwamba filamu hii inaukwepa ukweli, na kwamba, kwa kuwa ilitolewa kwa ushirikiano na Wafaransa, iliwapa watazamaji wa Ulaya Beirut ya kupendeza. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Filamu nyingi za Kiarabu hutegemea fedha za Ulaya, na anayegharimia huwa na lake. Lakini historia ya utengenezaji wa Sukkar Banat inaonyesha upande mwingine. Upigaji picha ulimalizika siku chache tu kabla ya vita vya Julai 2006 kuzuka baina ya Israeli na Hizbullah. Labaki ameeleza kwamba alijiona mwenye hatia kushughulikia hadithi ya saluni na mapenzi huku mji wake ukipigwa mabomu, kisha akahitimisha kwamba hadithi hiyo ndiyo njia yake ya kustahimili. Filamu inamalizika kwa maneno ya kuitabaruku kwa Beirut yake. Anayejua tarehe hizo huitazama saluni kwa jicho jingine. Wanawake wale wanahangaikia nywele, ndoa na uzee kwa sababu hayo ndiyo maisha ambayo vita huyakatiza.

Annemarie Jacir na Labaki tena: hamu ya mahali

Ukimbizi huigeuza hamu. Anayeishi kwao hutamani mtu au kitu. Mkimbizi hutamani mahali. Katika Milh Hadha al-Bahr, Soraya, Mpalestina aliyezaliwa Brooklyn, anafika Ramallah kuzidai fedha za babu yake zilizozuiwa katika akaunti ya benki ya Jaffa babu huyo alipofukuzwa mwaka 1948. Benki inakataa. Anakutana na Emad, kijana mwenye hamu iliyo kinyume na yake: yeye anataka kuondoka. Mwigizaji wa Soraya, Suheir Hammad, ni mshairi, na jambo hilo linasikika katika namna anavyotamka majina ya miji.

Soraya anapoifikia nyumba ya babu yake, anamkuta mwanamke wa Kiisraeli aliye mkarimu anayemkaribisha ndani. Ukarimu huo ndio unaomchoma. Anakaribishwa kama mgeni katika nyumba ambayo moyoni ni yake. Hadithi ya mapenzi ya Soraya na Emad haiwezi kukomaa kwa sababu hawana mahali pa kuiweka. Kila chumba wanachokipata ni cha kuazima au cha kujificha. Jacir anatuonyesha kwamba ukimbizi huingia hadi katika faragha ya wapendanao.

Labaki mwenyewe aliirudia mada hii katika filamu ya Capernaum (2018), iliyopata Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes. Mhusika mkuu ni mvulana, Zain, aliyeigizwa na mtoto mkimbizi kutoka Syria. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mhusika wa kumakinikia ni Rahil, mfanyakazi kutoka Ethiopia asiye na karatasi halali, anayemficha mtoto wake mchanga chooni akiwa kazini. Nyuma ya masaibu yake umo mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri mmoja. Mfumo huo unawahusu pia wanawake wa Kenya na Uganda wanaokwenda Lebanoni na nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Hamu ya Rahil ni kukaa na mwanawe tu, nayo sheria inamnyima. Hapa filamu ya Kiarabu inatugeuzia kioo: katika kasri la leo, aliye jikoni ni dada yetu.

Funzo kwa mhakiki wa Kiswahili

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, hamu ya mwanamke katika filamu hizi haisemwi moja kwa moja. Husemwa kwa wimbo, kwa nywele, kwa utomvu wa sukari, kwa ufunguo wa nyumba. Aliyezoea mafumbo ya taarab ana silaha ya kuzisomea ishara hizi kuliko anavyodhani. Pili, kimya hakina maana moja. Kimya cha Khedija ni cha kulazimishwa. Kimya cha Rima ni cha kujilinda. Kimya cha Labaki kuhusu vita ni uamuzi wa mtunzi. Mhakiki anapaswa kuuliza kila mara ni nani aliyekichagua. Tatu, ahadi kwamba mwanamke asubiri hadi vita viishe imejaribiwa, na Djebar na Tlatli wametuonyesha matokeo yake. Vita viliisha, na bado aliambiwa asubiri.

Fasihi yetu nayo ina historia yake ya kuiogopa hamu ya mwanamke. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha maelfu ya wanawake makwao na kuwafikisha kambini. Tunapoziandika hadithi zao, tuna mazoea ya kuandika ardhi, kura na kabila. Mwanamke aliyeketi mlangoni mwa hema alikuwa na hamu gani? Swali hilo linaweza kuonekana la kipuuzi mbele ya njaa na hofu. Filamu tulizozijadili zinatupa ujasiri wa kuliuliza.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi filamu nne za Kiarabu, pamoja na nyingine zilizotajwa kwa ufupi, zinavyoyafungamanisha matamanio ya mwanamke, vita na ukimbizi. Tumeona kwamba waelekezi hawa hawaikatai simulizi ya taifa. Wanaidai ipanuke ili imwingize aliye jikoni, saluni na kambini. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya nchi za majahazi, lilitukumbusha kwamba bahari yetu na ya Waarabu ni moja. Idara zetu za Kiswahili hufundisha etimolojia ya maneno yaliyovuka bahari hiyo. Ingefaa vilevile wanafunzi wazitazame hadithi zinazosimuliwa kwa maneno hayo upande wa pili, na walinganishe. Kazi ya kwanza inaweza kuwa nyepesi: chukua Samt al-Qusur, uketi nayo pamoja na riwaya yoyote ya Kiswahili yenye mtumishi wa kike, kisha uandike orodha ya yote ambayo wanawake hao wawili hawakuruhusiwa kuyasema.